BMW R100RT ya 1982: taa ya chaji haizimiki kabisa na taa kubwa inatoa mwanga wa njano. Nianze kupima wapi?

Tambarare77

Wakuu, salaam. Pikipiki ni BMW R100RT ya mwaka 1982, ya safari ndefu, ililetwa kutoka Ujerumani ikiwa na kava lake lote la mbele na mita ya volti. Injini haina neno, na stata inazungusha kwa nguvu hata asubuhi ya baridi. Shida ni umeme tu:

– Nikifungua swichi ya funguo, taa ya chaji (ile yenye maandishi GEN) inawaka vizuri. Injini ikiwaka inafifia, lakini haizimiki. Inabaki na wekundu hafifu unaoonekana gizani hata kwenye mizunguko 4,000. Nikizima taa kubwa, wekundu ule karibu unapotea wote.
– Taa kubwa ikiwa imewashwa, mita ya volti haitoki kwenye 12 na kitu. Sijaiona ikifika 14.
– Mwanga wa mbele ni njano. Balbu ni H4 ya wati 60/55 (60 taa ndefu, 55 ya kushusha), mpya.
– Nikikanyaga breki wakati indiketa inafanya kazi, indiketa inapunguza mwendo na taa ya nyuma inafifia.

Betri ni mpya. Fundi anasema ninunue bodi ya daiodi (inayogeuza umeme wa alteneta uweze kuchaji betri) na regyuleta (kidhibiti cha volti) kwa mkupuo, na bei yake si ya mchezo. Testa ya dijitali ninayo. Naomba mwongozo kabla sijatoa hela.

Bokseri_Mzee

Mkuu, usinunue kitu bado. Hiyo habari ya wekundu kupungua ukizima taa kubwa ndiyo ya kushika.

Elewa kwanza taa ya GEN inavyofanya kazi, maana kwenye mashine hizi si taa ya onyo peke yake. Upande mmoja imeungwa na umeme wa swichi ya funguo, upande wa pili na waya wa bluu unaokwenda D+ ya alteneta, yaani ncha inayolisha rota (sehemu yake inayozunguka). Ukifungua swichi, umeme unapita ndani ya balbu, unaingia kwenye rota kupitia brashi za kaboni na kurudi ethi, yaani mwili wa pikipiki ulioungwa na hasi ya betri. Umeme huo mdogo ndio unaoipa rota usumaku wa kuanzia. Injini ikizunguka, alteneta inazalisha, D+ inapanda hadi karibu volti 14, na kwa kuwa pande zote mbili za balbu sasa zina volti zinazolingana, taa inazimika. Kama haizimiki, maana yake pande hizo hazilingani. Swali ni upi uko chini, na kwa nini.

Daiodi iliyokufa inaweza kuleta dalili hiyo. Lakini waya uliolegea au ulioliwa na kutu kati ya alteneta na betri, au swichi ya funguo iliyochakaa ndani, inaleta dalili ileile, na wekundu unaongezeka kadiri unavyovuta umeme mwingi. Regyuleta ya mashine hii inasoma volti za D+. Haioni betri. Ikiona 14 pale inaridhika, hata kama betri inapata 12.8 kwa sababu nyingine zimeishia njiani.

Jambo la pili: stata inazungusha kwa nguvu. Stata inavuta ampea zaidi ya mia, kwa hiyo nyaya nene za betri, chanya na hasi, ni nzima au karibu nzima. Tunatafuta kwenye nyaya nyembamba.

Vipimo vyenyewe ni hivi:

1. Ondoa kwanza waya hasi wa betri. Usiliguse kava la mbele la injini kabla ya hapo. Nyuma yake kuna bodi ya daiodi yenye umeme wa betri wakati wote, hata swichi ikiwa imefungwa, na kava la alumini likigusa B+ (ncha inayotoa chaji kwenda betri) wakati unalitoa ni shoti ya moja kwa moja. Bodi nyingi nzima zimeuawa hivyo na watu waliokuja kuzikagua.

2. Toa kava. Unganisha waya wa testa kwenye B+ ya bodi kwa kibanio, uufunge mbali na rota, ndipo urudishe waya hasi wa betri. Rota inazunguka wazi hapo: mikono ya shati, kamba na vitambaa viwe mbali.

3. Washa injini, taa kubwa iwake, shika mizunguko 3,000. Soma volti hizi: (a) betri, chanya kwa hasi, (b) D+ kwa mwili wa injini, (c) B+ ya bodi kwa chanya ya betri, (d) hasi ya betri kwa mwili wa injini. Vipimo (c) na (d) ndivyo vyenye siri. Waya mzima hautakiwi kupoteza zaidi ya 0.2 kwenye (c), na (d) iwe karibu na sifuri.

4. Rudia vyote taa kubwa ikiwa imezimwa.

Usiache injini ikinguruma dakika kumi imesimama. Inapozwa na hewa, pima haraka uzime.

Kama D+ yenyewe iko chini, tuseme 12.5, hapo ndipo tutaigeukia alteneta: rota (kati ya ringi mbili za shaba utegemee karibu ohm 3 na nusu, na kati ya ringi na shafti kusiwe na mawasiliano yoyote), urefu wa brashi, volti za AC kati ya nyaya tatu za koili ambazo lazima zilingane, kisha daiodi mojamoja. Kama D+ ni 14 na volti zinazokosekana kwenye betri zinaonekana kwenye (c) au (d), bodi na regyuleta yako ni nzima, na fundi wako atafute mteja mwingine.

Kutu_ya_Pwani

Naongezea upande wa nyuma, maana hilo ni tatizo jingine kabisa na lisichanganywe na chaji.

Taa ya nyuma kufifia unapokanyaga breki, ethi. Sijaona sababu ya pili yenye uzito. Balbu za nyuma zinarudisha umeme kwa njia moja, waya wa kahawia. Njia hiyo ikiwa na kutu, wati 21 za breki zinajazana nayo, volti za kurudia zinapanda, na kila kinachoitegemea kinanyimwa. Indiketa inapunguza kasi kwa sababu flasha (kifaa kinachoifanya iwake na kuzima) inapata mzigo usio wake.

Jaribio la dakika mbili: chukua waya wa mita moja na nusu, upande mmoja kwenye hasi ya betri, upande mwingine gusa chuma cha kishikio cha balbu ya breki huku breki imekanyagwa. Mwanga ukiruka juu, umemaliza utafiti. Kwa testa: mkono mmoja kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye chuma cha kishikio, breki ikiwa imekanyagwa. Zaidi ya 0.2 ni ubovu.

Kwenye BMW za miaka hiyo kahawia ni ethi karibu kila mahali, kijani ni umeme wa baada ya swichi, nyekundu ni moja kwa moja toka betri, njano ni taa ya kushusha na nyeupe ni taa ndefu. Ukishika rangi hizo tano hutapotea.

Pikipiki iliyokaa Tanga au Mombasa, usiamini waya wa kahawia kwa kuutazama. Menya sentimeta moja mwishoni. Ukikuta shaba nyeusi au kijani, kata nyuma hadi upate shaba inayong'aa. Ukikata sentimeta tano na bado ni nyeusi, badilisha waya wote. Kusugua tamino (kichwa cha waya) kwa msasa wakati kutu imepanda ndani ya ganda ni kazi bure, utarudi hapohapo mvua ijayo.

Tambarare77

Asanteni sana. Nimepima kama mlivyoelekeza, mizunguko 3,000.

Taa kubwa ikiwaka (ya kushusha): betri 12.9. D+ kwa injini 14.0. B+ ya bodi kwa chanya ya betri 1.0. Hasi ya betri kwa injini 0.05.

Taa kubwa imezimwa: betri 13.4. D+ 14.0. B+ kwa betri 0.5. Hasi 0.04.

Nimepima pia kwenye soketi ya balbu ya mbele ikiwaka: 11.4. Na waya wa kijani baada ya swichi ya funguo ni 12.0 kwa hasi ya betri.

Nyuma: chuma cha kishikio kwa hasi ya betri, breki imekanyagwa, 1.3. Waya wa majaribio ulipogusa, taa iliruka kweli.

Bokseri_Mzee

Vipimo safi, na hesabu inafunga yenyewe: 14.0 toa 1.0 toa 0.05 ni 12.95, na betri inasoma 12.9. Alteneta, regyuleta na bodi zinafanya kazi yake. Volti moja nzima inateketea kati ya bodi na betri, yaani kwenye waya mwekundu unaotoka B+ kwenda kwenye bolti ya stata pale waya mnene wa betri unapofungwa.

Na ule wekundu wa GEN nao umejieleza. Upande wa juu wa balbu una 12.0 za waya wa kijani, upande wa chini una 14.0 za D+. Tofauti ya volti 2 kwenye balbu ya volti 12 ndiyo huo wekundu hafifu. Ukizima taa kubwa pande zote mbili zinasogeleana na wekundu unaondoka.

Volti moja kwa ampea 12 hivi ni wati 12 za joto, na joto hilo linakaa mahali pamoja padogo. Kwa hiyo tafuta kwa macho: kichwa cha waya kilichobadilika rangi, plastiki iliyokauka na kupasuka, shaba yenye rangi ya zambarau. Ondoa hasi ya betri (ndiyo, tena), kagua mwisho wa kwenye bodi, kisha vua tangi na kava la juu la injini ufikie stata. Nati ya kwenye stata ikiwa imelegea, usikaze tu. Fungua, safisha nyuso zote hadi zing'ae, rudisha na washa (pete ya chuma) yake, kaza.

Mimi ningebadilisha waya wote. Tumia wa milimita 6 za mraba, wenye nyuzi nyingi laini, si ule mgumu wa nyumbani ambao mtikisiko utaukata. Vichwa vibanwe kwa koleo maalumu la kubania tamino, juu yake mpira wa kunywea kwa joto. Lehemu peke yake siipendi hapa: risasi inapanda kwenye nyuzi na kuzifanya ngumu, na waya unakatika pale ugumu unapoishia. Upitishe palepale ulipopita wa zamani, usiguse silinda wala ncha kali ya kava.

Ukiwa kwenye bodi, iangalie ilivyoshikiliwa. Mashine za umri huo zina vishikio vya mpira, na daiodi za upande wa hasi zinategemea vijiwaya vya ethi vinavyoruka mpira huo kwenda kwenye mwili wa injini. Mpira ukipasuka bodi inaning'inia, na kijiwaya kikikatika uzalishaji unashuka na bodi inapata moto. Vipo vishikio vya chuma kitupu vya kubadilishia, bei yake ni ndogo, na ethi inakuwa ya uhakika.

Waya hasi wa betri umefungwa kwenye giaboksi na bolti ileile inayoshika kebo ya spidi. Bolti hiyo ina tundu katikati kwa ajili ya kupumulia giaboksi, kwa hiyo ni dhaifu. Ikaze kwa adabu. Ikikatika hapo huna ethi kabisa.

Baada ya kazi pima tena. Unatakiwa kuona betri 13.7 hadi 14 taa ikiwaka.

Kutu_ya_Pwani

Mkuu Bokseri, kwenye lehemu tutabishana hadi kesho. Tamino iliyobanwa vizuri kisha ikatiwa tone la risasi kwenye ncha tu, mpira ukafunika hadi kwenye ganda la waya, haikatiki, na kutu ya bahari haiingii. Bara labda hamuhitaji.

Tambarare, 1.3 huko nyuma: usihangaike kutafuta kiungo kilipo. Vuta waya mpya wa kahawia wa milimita 1.5 za mraba toka kwenye kishikio cha taa ya nyuma hadi hasi ya betri, uunge humo ethi za indiketa mbili za nyuma. Ule wa zamani uache mahali pake, haudhuru.

Rilei_na_Fyuzi

Nimefuatilia toka juu, niseme habari ya taa kubwa kwa sababu waya wa bodi hautaimaliza.

Betri 12.9, balbu 11.4. Kati ya hizo, 0.9 zimepotea kabla hata ya kutoka kwenye swichi ya funguo, 0.6 zinabaki kugawanywa na swichi ya usukani, viungo na ethi ya mbele. Waya wa B+ ukipona betri itapanda, lakini 1.5 hizo zitaendelea kupotea. Mwanga wa balbu ya uzi haushuki sawasawa na volti, unaporomoka: kwa 11.4 unapata takribani asilimia 60 tu ya mwanga ambao balbu hiyohiyo ingetoa kwa 13.2. Ndiyo njano yako.

Swichi ya funguo inaweza kufunguliwa na kusafishwa, ila sababu inabaki ileile: mzigo wote wa taa unapita kwenye vipande vidogo vya shaba vyenye miaka zaidi ya 40. Utoe mzigo huo humo. Chukua rilei (swichi inayowashwa na umeme mdogo) mbili za gari za volti 12, ampea 30, miguu minne. Kariakoo au Kirinyaga Road hukosi. Mguu 30 wa zote mbili upate waya wa milimita 2.5 za mraba toka betri, na fyuzi ya ampea 15 isiyozidi sentimeta 15 toka kwenye chanya. Waya wa njano uliokuwa unakwenda kwenye balbu sasa uende mguu 86 wa rilei ya kwanza, mweupe uende 86 ya rilei ya pili. Mguu 85 wa zote ni ethi. Mguu 87 unatoka kwenda kwenye balbu, taa ya kushusha kwa ya kwanza na ndefu kwa ya pili. Ethi ya balbu nayo iwe mpya, milimita 2.5 za mraba, hadi hasi ya betri. Watu husahau hii halafu wanalaumu rilei.

Usikate waya wa kiwandani. Nunua soketi ya kike ya H4 na plagi ya kiume, uunge katikati. Siku rilei ikifa njiani unachomoa na kurudisha kama zamani, unafika nyumbani. Rilei zielekeze miguu chini ili maji yasikae.

Halafu kuna jambo hujaliuliza. Pikipiki imetoka Ujerumani, wanakoendesha kulia. Kioo cha taa yake kinarusha mwanga wa kushusha juu upande wa kulia, kumulika kando ya barabara yao. Hapa kwetu upande huo ndio anakotoka mwenzako, na taa ikishapata volti zake kamili utampofua. Isimamishe mita 5 toka ukutani, washa taa ya kushusha: mkato wa mwanga ukipanda kulia, kioo ni cha kule. Tafuta taa ya Uingereza ya modeli hiyohiyo, au taa nyingine ya H4 ya kuendesha kushoto yenye kipenyo sawa. Kushusha taa yote chini kunapunguza kero, lakini kunakunyima barabara.

Tambarare77

Mmenifungua macho. Waya wa B+ nimeufikia: kichwa cha upande wa bodi kimekuwa cha kahawia na kinachezacheza kwa kidole. Nabadilisha wote.

Maswali mawili nikiwa bado nimeifungua. Naweza kuweka LED kwenye dashibodi yote, pamoja na GEN? Na baada ya hapo alteneta itabeba taa mbili za ziada za wati 55 kwa safari za usiku?

Bokseri_Mzee

Dashibodi weka LED utakavyo, isipokuwa GEN. Ile ibaki balbu ya uzi, wati 3 au 4. LED inapitisha umeme kiduchu usiotosha kuiamsha rota, na alteneta inaweza isianze kuchaji hadi uvute mizunguko mingi, au isianze kabisa. Kwa sababu hiyohiyo, siku ukifungua swichi na GEN isiwake, usiondoke: balbu imeungua, waya wa bluu umekatika, brashi zimekwisha au rota imekatika ndani, na kwa vyovyote utakuwa unaendesha kwa betri peke yake. Beba balbu moja ya akiba.

Taa za wati 55 mbili, hapana. Alteneta hiyo ni ya wati 280, ampea 20, na hizo inazitoa mizunguko ikiwa mingi. Injini ikinguruma imesimama haitoi kitu cha maana. Piga hesabu ya mzigo wako wa kawaida: 55 za mbele, koili za plagi kama 45, taa ya nyuma, ya pembeni na dashibodi tuseme 20. Tayari ni 120, breki haijaguswa. Ongeza 110 uwe na 230, na ukiwa nyuma ya lori kwenye mlima kwa mizunguko 2,000 betri ndiyo inalipa tofauti. Weka LED mbili za wati 10 kila moja, zenye rilei yake na fyuzi ya ampea 5, na mguu 86 uuchukue kwenye waya wa taa ndefu ili zizimike zenyewe ukishusha.

Rilei_na_Fyuzi

Na usishawishike na H4 ya 100/90. Kioo kitavumilia, soketi ya plastiki itayeyuka.